Si kila gemu inayofunguka kwenye konsoli mpya ni "gemu ya vizazi viwili"

Kila konsoli mpya, yaani mashine mpya ya kuchezea gemu, inapoingia sokoni, maneno "gemu ya vizazi viwili" huanza kutumika ovyo. Mtu anaingiza diski ya mwaka 2018 ya PS4 (PlayStation 4 ya Sony) kwenye PS5, mrithi wake, gemu inafunguka vizuri, naye anasema, "Kumbe hii ni ya vizazi viwili." Siyo. Hiyo ni gemu ya PS4, na PS5 imeweza kuicheza. Kosa hili liko kwa wachezaji, kwa wauzaji, hata kwa wanaoandika habari za gemu, na linafaa kunyooshwa kwa sababu linafuta kazi kubwa ya watu waliokaa miaka kadhaa wakiamua gemu yao itoke wapi na lini.

Kwa kifupi, gemu ya vizazi viwili ni ile iliyopangwa itoke kwenye konsoli inayoaga na konsoli inayoingia, kwa siku moja au kwa kupishana kidogo, kila konsoli ikiwa na toleo lililotengenezwa kwa ajili yake. Lazima pawe na mpango wa mapema, na lazima pawe na matoleo mawili. Kimoja kikikosekana, tunazungumzia kitu kingine.

Uwezo wa konsoli kucheza gemu za mtangulizi wake ni sifa ya mashine, na anayestahili kusifiwa hapo ni aliyeunda mashine. PS3 za mwanzo kabisa zilifungwa ndani yake chipu za PS2, ndiyo maana zilicheza gemu za PS2. Sasa itazame God of War II. Ilitoka Machi 2007, wakati PS3 ilikuwa madukani tangu Novemba 2006, lakini ilitoka kwenye PS2 peke yake. Aliyeicheza kwenye PS3 hizo za mwanzo alikuwa anacheza gemu ya PS2. PS2 zilizouzwa zilikuwa zimeshapita milioni 100, PS3 ndiyo kwanza inaanza, na hesabu hiyo haihitaji kikokotoo. Huo ni mpango wa kipindi cha mpito pia, ila ni mpango wa kubaki na kizazi kimoja.

Kinyume chake ni The Legend of Zelda: Twilight Princess. Ilianza kutengenezwa kwa ajili ya GameCube, konsoli ya Nintendo iliyokuwa inaaga, kisha Nintendo wakaamua itoke na kwenye Wii, konsoli yao mpya. Toleo la Wii lilitangulia Novemba 2006, la GameCube likafuata Desemba. Wii ilikuwa na rimoti ya kupunga hewani, na wachezaji wengi hupunga kwa mkono wa kulia, ilhali Link, shujaa wa gemu hiyo, anashika upanga kwa kushoto. Watengenezaji wakageuza dunia nzima ya gemu kama inavyoonekana kwenye kioo: kijiji, mapango, milima, kila kilichokuwa kushoto kikaenda kulia. Mwenye ramani ya toleo la GameCube akiitumia kwenye Wii atapotea. Hapo ndipo unapoona maana halisi ya matoleo mawili: kila mashine imefanyiwa kazi yake.

Mfano unaochanganya watu kuliko yote ni Cyberpunk 2077. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, takriban mwezi mmoja baada ya PS5 na Xbox Series X, konsoli mpya ya Microsoft, na wengi wakaiita ya vizazi viwili siku hiyo hiyo. Lakini kwa upande wa konsoli, matoleo yaliyouzwa siku hiyo yalikuwa ya PS4 na Xbox One, konsoli za kizazi kinachoaga. Mwenye PS5 alikuwa anacheza toleo la PS4 kwenye mashine yenye nguvu zaidi, kwa hiyo lilikwenda vizuri zaidi. Kwenye PS4 ya kawaida hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni mwezi huo huo, ikarudi Juni 2021. Toleo lililotengenezwa kwa PS5 na Xbox Series lilifika Februari 2022. Nyongeza yake kubwa ya mwaka 2023 haikuletwa kabisa kwenye konsoli za zamani. Jina lilikuwa moja muda wote, lakini ilianza kama gemu ya kizazi kinachoaga, ikawa ya vizazi viwili, ikamalizikia kwenye kizazi kipya. Anayesema "ilikuwa ya vizazi viwili tangu siku ya kwanza" anafuta zaidi ya mwaka mzima wa kazi.

Kwa nini watengenezaji wanajitwisha mzigo huu wa matoleo mawili? Kwa sababu gemu kubwa huchukua miaka minne, mitano au zaidi, na siku inapotoka lazima wawepo watu wa kuinunua. PS5 ilipoanza kuuzwa, PS4 ilikuwa imepita milioni 110. Kufikia mwisho wa Machi 2021, PS5 zilikuwa milioni 7.8, huku uhaba wa chipu ukiwa umebana dunia nzima. Horizon Forbidden West, Gran Turismo 7 na God of War Ragnarök zote zilitoka mwaka 2022 kwenye PS4 na PS5. Ratchet & Clank: Rift Apart ilitoka Juni 2021 kwenye PS5 tu, na ukiicheza unaelewa sababu: shujaa anavutwa kutoka dunia moja hadi nyingine kwa sekunde chache, jambo linalotegemea kasi ya SSD, hifadhi ya data ya PS5 isiyo na kitu kinachozunguka. Diski kuu ya PS4, ile inayozunguka ndani ya mashine, isingeweza kuvuta data kwa kasi hiyo.

Hapa ndipo gharama inapolala, na naomba ieleweke vizuri. Umewahi kuona mhusika akijibana polepole kati ya miamba miwili, au akisubiri lifti ipande? Mara nyingi muda huo mashine inapakia eneo linalofuata. PS4 ikiwa ndani ya mpango, ule mwanya wa miamba unachorwa kwenye ramani, na ramani hiyo hiyo ndiyo inayokwenda PS5. Mwenye mashine ya kasi naye atajibana. Picha zitang'aa zaidi kwake na mwendo utakuwa laini, lakini umbo la gemu limepimwa kwa uwezo wa mashine ndogo.

Mpito wa 2013, kutoka PS3 kwenda PS4, ulikuwa mgumu zaidi. PS3 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512, iliyogawanywa nusu kwa nusu, na prosesa ya aina yake isiyofanana na nyingine. PS4 ikaja na gigabaiti 8. Ubisoft, kampuni ya kutengeneza gemu, walitenganisha kabisa: Novemba 2014 walitoa Assassin's Creed Unity kwa konsoli mpya na Assassin's Creed Rogue kwa za zamani. Hizo ni gemu mbili, kila moja na kizazi chake, na kuziita "ya vizazi viwili" kwa sababu ya jina la ukoo ni kosa. Middle-earth: Shadow of Mordor ya mwaka huo huo ni ya vizazi viwili kweli, lakini toleo la PS3 na Xbox 360 lilikabidhiwa studio nyingine, likachelewa, na mfumo wake mashuhuri wa maadui wanaokukumbuka ukapunguzwa. Mimi naona njia ya Ubisoft ilimheshimu zaidi mwenye konsoli ya zamani.

Halafu kuna gemu zinazorudi baadaye. Grand Theft Auto V ilitoka Septemba 2013 kwenye PS3 na Xbox 360, ikaja PS4 na Xbox One Novemba 2014, ikaja PS5 na Xbox Series Machi 2022. Mruko wa kwanza unaweza kuubishania, kwa kuwa mwaka mmoja si mrefu sana. Ule wa pili ni toleo jipya la gemu ya zamani.

Kosa hili lina madhara hata sebuleni. Call of Duty: Black Ops Cold War ilipotoka Novemba 2020 ilikuwa na matoleo mawili, na wapo wenye PS5 waliojikuta wanacheza toleo la PS4 bila kujua, kwa kuwa mashine ilikubali yote mawili. Kwa hiyo kabla hujaiita gemu ya vizazi viwili, tazama lebo iliyo kando ya jina lake kwenye PS5 yako. Ikiandikwa PS4, na hakuna toleo la PS5 la kuchagua, sema tu "gemu ya PS4 inayochezeka kwenye PS5". Ni maneno marefu kidogo, ila kila atakayeyasikia ataelewa unacheza nini.