Gemu Linalokukabidhi Kalamu

Mashine niliinunua soko la Mwanga, hapa Kigoma, kwa kijana anayeuza chaja, redio na simu za mtumba. Ni Nintendo DS ya kijivu, mashine ya magemu ya mkononi yenye skrini mbili, bawaba imelegea kidogo, lakini kijiti chake cha kuandikia kipo. "Mzee, hiyo inawaka, na kadi ya gemu imo humohumo," alinihakikishia. Nilidhani nampelekea mjukuu. Usiku nikaiwasha nione kama ni nzima, na kilichojitokeza kwenye skrini ya chini kikaniweka macho mpaka saa nane: ramani. Ilikuwa imechorwa kwa mkono na mtu nisiyemjua, ghorofa tatu, ya tatu imeishia nusu.

Mimi ni mchora ramani. Nilisoma Chuo cha Ardhi Tabora, nikafundishwa kushika kalamu ya wino juu ya filamu ya kuchorea bila mkono kutetemeka, na tangu hapo riziki yangu ni viwanja, mipaka na bikoni, zile nguzo fupi za mpaka. Kwa hiyo gemu hili nalieleza kwa macho ya kazi hiyo. Mapigano yake wengine wamekwisha kuyaeleza vizuri. Ramani yake, ambayo kwangu ndiyo roho ya gemu lenyewe, naona bado haijapewa haki yake.

Linaitwa Etrian Odyssey. Kampuni ya Atlus ililitoa Japani Januari 2007, na Mei ya mwaka huo likafika Marekani, wiki chache tu baada ya magemu maarufu ya Pokémon Diamond na Pearl. Ukipiga zumari kando ya ngoma kubwa namna ile, nani atakusikia? Hadithi yake ni fupi. Kuna mji mdogo uitwao Etria, na karibu yake kuna msitu wa kupotea unaoshuka chini ya ardhi, ghorofa baada ya ghorofa, na kila ghorofa tano sura ya msitu inabadilika. Unaunda kikosi cha watu watano, unawapa majina mwenyewe, unawapanga safu ya mbele na safu ya nyuma: mpiga upanga, mlinzi mwenye ngao, mganga, mpiga upinde, mtu wa kutupa moto na barafu. Mnaingia, mnapigana kwa zamu, mnarudi mjini kuuza mlichokiokota. Ukilisimulia hivyo, linafanana na mengine mia.

Tofauti iko kwenye skrini mbili. Ya juu ni macho yako: vichaka, shina la mti, njia inayokata kona. Ya chini ni karatasi ya miraba, na karatasi hiyo ni tupu. Sakafu unayoikanyaga gemu linaweza kukusaidia kuitia rangi, lakini kuta unazivuta wewe kwa kijiti, mlango unauweka wewe, ngazi, sanduku, mshale, vyote ni wewe. Hata kazi ya kwanza unayopewa na wakuu wa mji ni kuchora. Askari amesimama humo ndani, na hakupishi mpaka sehemu ile ya ghorofa ya kwanza iwe imeingia kwenye karatasi yako. Nilipofika pale nilifurahi kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni. Miaka yote hii nachora, na sijawahi kuona mchezo unaoanza kwa kudai mchoro.

Magemu ya kuzama mapangoni ni ya zamani. Wizardry, iliyotoka Marekani mwaka 1981 kwa kompyuta ya Apple II, ilikuwa na ghorofa 10, kila moja miraba 20 kwa 20, na ramani ilikuwa juu yako. Watu walikaa na karatasi na penseli, wakihesabu hatua. Ukikosea hatua moja, kila unachochora baada ya hapo kimehama. Mpima yeyote anaijua aibu hiyo: umetoka kwenye bikoni, umezunguka eneo zima, unarudi ulipoanzia na mstari haufungi. Etrian Odyssey limekutua mzigo huo, kwa sababu mshale unakuonyesha daima uko mraba gani. Wapo wanaoona kwamba hapo gemu limelegeza kamba. Mimi naona limekuachia swali gumu zaidi, lile ambalo mwalimu wetu alituuliza kila tulipompelekea mchoro: kipi kiingie, na kipi kiachwe?

Nafasi ni ndogo, alama ni za kuhesabu, na maneno unayoweza kuandika ni machache. Hakuna alama ya "hapa tulinusurika". Unaamua mwenyewe utaliwekaje jambo hilo ili kesho, ukiwa umechoka na mganga wako ameishiwa nguvu, jicho lako lilione kabla mguu haujafika.

Nilipokuwa chuoni tulikwenda kazi ya uwandani kwenye miombo ya Tabora, tukiongozwa na mrina asali. Hakuwa na karatasi. Alikuwa na panga, na huku na huko alitukonyeza tutazame gome la mti lililokwanguliwa zamani. Nikamuuliza mbona njia yenyewe haina alama. Akasema, "Njia mwanangu utaiona, si ipo? Mimi naweka alama pale ambapo mtu atajuta." Nimechora plani nyingi tangu siku ile, lakini kauli ya mzee yule sikuielewa sawasawa mpaka nilipokutana na F.O.E.

F.O.E. ni adui wa aina ya pekee. Maadui wa kawaida hawaonekani. Taa ndogo pembeni ya skrini hubadilika rangi kadiri unavyotembea, ikifika nyekundu ujue wako karibu kukuvamia. F.O.E. unaliona. Linaelea mbele yako kama mpira wa moto, na kwenye ramani limo pia, linatembea. Ukipiga hatua moja, nalo linapiga moja. Ukisimama, linasimama. Baya zaidi, ukiwa katikati ya pigano na wadudu wadogo, kila zamu ya pigano ni hatua kwake. Likifika ulipo, linaingia vitani bila kubisha hodi. La kwanza ni mnyama wa jamii ya kulungu, ghorofa ya pili, na kikosi kichanga linakifagia.

Hapo ndipo ramani inapoacha kuwa pambo. Unajificha kwenye uchochoro, unapiga hatua mbele na nyuma huku ukilitazama lile duara la rangi ya chungwa likizunguka, na unahesabu: mraba wa nne linakata kona, mraba wa saba linageuka. Unachora mishale mahali linapopita. Kisha unasubiri, unapita nyuma yake. Hujampiga mtu wala kupigwa, na mapigo ya moyo yako juu. Mimi raha ya namna hiyo nilikuwa naipata uwandani tu, pale vipimo vya siku tatu vinapokubaliana.

Mapigano yenyewe nayaheshimu bila kuyapenda sana. Kila mhusika akipanda leveli anapata pointi moja ya ujuzi, na kuigawa ni kazi ya kufikiri. Ila mganga akikomaa kwenye ujuzi uitwao Immunize, wa kukinga kikosi kizima, vita vingi hupoa. Na kuna siku utazunguka saa nzima ukipigana na walewale ili upate fedha ya ngao. Muziki sina budi kuutaja: Yuzo Koshiro aliutunga kwa sauti za kompyuta ya zamani ya Kijapani, PC-8801, na wimbo wa ghorofa za kwanza una utulivu wa asubuhi ndani ya msitu ambao unajua una wanyama.

Mwezi mmoja baada ya kuinunua nilikuwa ndani ya treni nikirudi kutoka Tabora. Tumepita Kaliua, taa ya behewa ni hafifu, mashine iko mapajani. Pembeni yangu ameketi binti wa miaka kama tisa na bibi yake. Aliniamkia, nikamwitikia marahaba, kisha akakaa kimya akitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeumaliza upande wa mashariki, kuta zote zimefungwa, nimeridhika.

"Babu, hapa mbona peupe?"

Akaweka kidole katikati ya skrini. Kweli, palikuwa na miraba sita hivi isiyo na kitu, imezungukwa na kuta zangu mwenyewe pande zote. Nilimwambia hapana njia. Akasema, "Sasa nani alipaacha?" Swali la haki kabisa. Msitu ule umejazwa mpaka pembeni. Nafasi tupu yenye umbo zuri haiachwi bure. Nikarudi, nikatembea kando ya ukuta nikiutazama mraba kwa mraba, na kwenye kona moja majani yalikuwa yameachana kidogo. Nikabonyeza, tukapenya. Ndani kulikuwa na sanduku na njia ya mkato ya kurudi kwenye ngazi. Binti alimwamsha bibi yake amwonyeshe. Tulivuka Nguruka tukiwa bado tunatafuta peupe pengine.

Asiye na DS asikate tamaa. Mwaka 2023 Atlus ilitoa upya la kwanza, la pili na la tatu kwa Nintendo Switch na kompyuta. Ramani sasa inakaa kando ya picha kwenye skrini ileile, na kuna daraja jepesi kwa wasiotaka kufa kila mara. Ni kazi nzuri. Mimi nabaki na skrini mbili, macho juu na mkono chini, kama nilivyofundishwa.

Nirudi kwa yule mwenye mashine. Kadi ina nafasi moja tu ya kuhifadhi safari, kwa hiyo ili nianze yangu ilibidi nifute yake. Sikuweza kufuta mchoro wa mtu hivihivi. Nilitoa karatasi ya miraba, nikachonga penseli, nikazinakili ghorofa zake zote, ukuta kwa ukuta. Mkono wake ulikuwa wa mtu makini. Milango yote ipo. Kwenye ghorofa ya tatu, mwanzo wa uchochoro mmoja unaokwenda kaskazini, aliandika neno moja la Kifaransa, "non", na baada ya hapo hakuchora tena.

Nilifika pale wiki ya pili, kikosi changu kimebakiwa na dawa mbili. Karatasi niliikunjua mezani kando ya taa. Nikasimama mraba uleule, nikapiga hatua moja mbele, moja nyuma, nikasubiri. Duara la chungwa likatokea upande wa kushoto, likapita miraba miwili mbele yangu, likageuka na kurudi. Vunjajungu mkubwa kuliko mtu. Nililihesabu mara tatu. Kisha nikachora kuta nilizoziona, nikaweka mishale miwili, nikashika kijiti nikaandika palepale alipoandika yeye: "bado". Nikatoa Uzi wa Ariadne mkobani, tukarudi mjini.