Viwanda vya Mombasa havikufungwa na mashine

Changamwe na Miritini, maeneo ya viwanda ya Mombasa, wengi huamini kwamba mashine ndizo zilizokula kazi za viwandani. Bandarini Kilindini kuna ukweli: kontena ziliwaondoa makuli wengi waliobeba magunia mgongoni. Viwandani mambo ni tofauti.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza 1963, kikaacha kusafisha 2013. Mitambo ilikuwa imechakaa, na mafuta yaliyosafishwa ng'ambo yakawa nafuu zaidi. Yaani kilikufa kwa kukosa mashine mpya! Viwanda vya nguo navyo viliyumba miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikajaa.

Linaniuma kuona kijana akiogopa kusomea mitambo kwa sababu ya imani hii.

Kushona shati bado kunahitaji mikono, kwani kitambaa laini huisumbua roboti kukishika. Mshonaji wa EPZ, eneo maalumu la viwanda vinavyouza bidhaa nje ya nchi, huachishwa kazi oda za Marekani zinapopungua, au gharama ya umeme inapombana mwajiri. Mwaka 2005, mgao wa kimataifa wa biashara ya nguo, yaani ukomo wa nguo ambazo nchi iliruhusiwa kuuza nje, ulipoondolewa na China ikauza kwa wingi, washonaji wengi wa Kenya walipunguzwa, na cherehani zilikuwa zilezile.