Airspeed Oxford: ndege ya shule iliyoingia vitani

Katikati ya miaka ya 1930, Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa likiagiza ndege za mabomu zenye injini mbili, ilhali marubani wake wengi walikuwa wamefunzwa kwenye ndege za injini moja. Pengo hilo ndilo lililozaa Airspeed Oxford, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1937.

Ugumu wa injini mbili huonekana pale moja inapozimika. Iliyo hai huisukuma ndege ipinde kuelekea upande uliokufa, na pangaboi lisilo na nguvu huwa breki hewani. Rubani ana muda mfupi sana wa kukandamiza pedali ya upande ulio hai. Akikosea mguu, hasa wakati wa kupaa, ndege hubinuka. Hilo halifundishiki ubaoni.

Oxford ina ujanja mmoja ninaoupenda. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na pangaboi za mbao ambazo pembe ya mabapa yake haibadiliki, lakini mbele ya rubani paliwekwa wenzo wa kubadilishia pembe hiyo. Haukuendesha chochote! Mwanafunzi alitakiwa kuusogeza kabla ya kutua, ili mkono uwe umeshazoea atakapokabidhiwa ndege ya mabomu yenyewe.

Zilitengenezwa zaidi ya 8,500, zikasambazwa hadi Kanada, Australia na Bulawayo, mji wa Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe.

Kisa cha Iraki kinastahili kujulikana zaidi. Habbaniya, magharibi mwa Baghdad, ilikuwa shule ya urubani ya Waingereza. Majeshi ya serikali ya Iraki ya Rashid Ali al-Gaylani yalipoizingira kutoka vilimani, mafundi walizifunga Oxford mabomu madogo ya kilo 9 hivi, manane kwa kila ndege. Alfajiri ya Mei 2, 1941, walimu wakapaa kushambulia, baadhi yao wakiwa na wanafunzi wao, wakisaidiwa na ndege za mabomu za Wellington kutoka Basra. Kufikia Mei 6 vilima vilikuwa vitupu.

Januari ya mwaka huohuo, Amy Johnson, mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia, alifariki akiipeleka Oxford kituoni. Ilianguka kwenye mlango wa mto Thames, hali ya hewa ikiwa mbaya. Mwili wake haukupatikana.

Baada ya vita, zaidi ya 150 ziligeuzwa ndege za abiria zilizoitwa Consul. Jeshi liliendelea kufundishia zilizobaki hadi 1954.