Uhaba wa kubuni: saa ya duka la gemu inapodanganya

Muuza mitumba akikuambia shati hili liko moja tu, mwamini. Belo limefunguliwa asubuhi, kila nguo ni moja ya aina yake, na ukilirudisha kwenye lundo ili uzunguke kidogo, unarudi unalikuta begani kwa mtu. Uhaba huo ni wa kweli.

Sasa chukua skini ya gemu, yaani vazi la kumvalisha mhusika wako kwenye kioo. Halimwongezei nguvu wala mbio, linapendeza tu. Ni faili. Linaweza kuuzwa kwa mtu mmoja au kwa watu milioni kumi na lisipungue hata uzi. Ukiambiwa linakaribia kwisha, hakuna kinachokwisha. Kuna mtu ofisini aliyeamua kuliondoa rafuni saa fulani. Huo ndio uhaba wa kubuni.

Kubuni uhaba peke yake si uongo. Kampuni ikisema vazi litauzwa wiki moja, na wiki ikiisha likaondoka kweli, hiyo ni mbinu ya biashara. Inakera, lakini haijamdanganya mtu. Kupotosha kunaanza pale saa ya dukani inayohesabu muda uliobaki inapogonga sifuri na vazi likaendelea kuuzwa kama kawaida. Wengi hawaihesabu saa kuwa tangazo. Tangazo kwao ni picha na maneno matamu. Lakini saa inayohesabu kurudi nyuma chini ya bidhaa inasema jambo moja, tena bila kigugumizi: ukichelewa, umekosa. Kama si kweli, ni uongo uliosemwa kwa tarakimu.

Jambo hili lilifika mezani Uholanzi. Mei 2024, mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia watumiaji na masoko, ACM, iliitoza faini ya yuro 1,125,000 kampuni ya Epic Games, wenye gemu la Fortnite. Katika duka la gemu hilo, vitu vilikuwa vikionyeshwa na saa inayosoma muda uliobaki. Mamlaka ilikuta kwamba kuna saa zilizokuwa zinapotosha: muda ulikwisha, kitu kikabaki dukani. Kosa la pili lilikuwa maneno ya kuamrisha, mfano wa "Nunua sasa" na "Chukua sasa", yakiwaelekea watoto. Epic haikukubaliana na uamuzi huo, ikasema itakata rufaa.

Sheria iliyotumika haikutungwa kwa ajili ya magemu. Ni agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2005 kuhusu biashara isiyo ya haki, lenye orodha ya mambo yaliyokatazwa moja kwa moja, bila kungoja mtu athibitishe kwamba ameumia. Namba 7 ni kudai kwa uongo kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi tu ili mteja aamue haraka. Namba 28 ni kumshawishi mtoto moja kwa moja anunue, au awabane wazazi wake wamnunulie. Fortnite iliangukia kote kuwili.

Kwa nini watoto? Mtu mzima akitamani kitu anaweza kujiambia ngoja kesho, hamu ikishuka nitaona. Saa imewekwa hapo makusudi ili hiyo kesho isiwepo. Mtoto wa miaka kumi, ambaye wenzake shuleni wataona alivyovaa jioni hiyo hiyo, hana uwezo wa kushindana na saa hiyo.

Bei nayo ina kiini macho chake. Mara nyingi vitu haviuzwi kwa dola wala yuro, vinauzwa kwa sarafu za gemu, na sarafu zinauzwa kwa mafungu. Tuseme vazi ni sarafu 1,200, na fungu dogo kabisa lina 1,000. Unanunua mafungu mawili, unabaki na 800 ambazo hazirudi kuwa pesa. Hiyo si chenji, ni chambo cha vazi linalofuata. Machi 2025, Tume ya Ulaya pamoja na mamlaka za watumiaji za nchi wanachama zilitoa kanuni zinazotaka bei ionyeshwe pia kwa pesa halisi, na mteja asilazimishwe kununua sarafu asizozihitaji. Wakati huo huo walichukua hatua kuhusu gemu la farasi la kampuni ya Sweden, Star Stable, linalopendwa na watoto.

Usichanganye haya na visanduku vya bahati nasibu, ambako unalipa kabla ya kujua utapata nini. Huko uongo hukaa kwenye uwezekano wa kushinda; huku unakijua kitu vizuri kabisa, ila unadanganywa kuhusu muda.

Baada ya uamuzi ule, Epic ilibadilisha duka lake kwa wachezaji wa Uholanzi: aliye chini ya miaka 18 anaonyeshwa tu vitu vitakavyokaa rafuni angalau saa 48. Siku mbili, yaani. Zinatosha kulala mara moja na kuuliza nyumbani.