Chanya isiyo ya kweli: mjamzito anapopimwa VVU

Kliniki ya wajawazito, iwe Igoma au Ukerewe, mama hutobolewa kidole, tone la damu likadondoshewa kwenye kipimo, kisha husubiri dakika chache. Mistari miwili ikitokea, nesi anajua jambo moja tu: kipimo kimenasa kitu. Bado hajajua kama mama ana VVU.

Kipimo cha haraka hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kirusi. Mara chache kingamwili za jambo jingine hufanana na hizo, zikanaswa kimakosa. Hiyo ndiyo chanya isiyo ya kweli. Ujauzito wenyewe unaweza kuchangia. Kwetu Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, kuna pia kichocho, ugonjwa wa minyoo ya majini: utafiti uliochapishwa 2010, uliofanywa kwa vijana wa vijijini Mwanza, ulikihusisha na majibu ya aina hii.

Hesabu yake ni hivi. Tuseme kipimo hukosea kwa watu 5 katika kila 1,000 wasio na VVU. Ukipima wajawazito 1,000 ambao 10 kati yao wanavyo kweli, utapata chanya kama 15, na theluthi si za kweli. Kipimo ni kizuri, lakini wasioambukizwa ni wengi mno.

Kwa sababu hiyo, tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo vitatu tofauti, vyote visome chanya, ndipo mtu aambiwe ana VVU. Vikipishana, mama hurudi kupimwa tena baada ya siku 14. Na hata aliyethibitishwa hupimwa upya kabla ya kuanza dawa.

Kinachoniuma ni jibu la kipimo cha kwanza kuvujia kwenye benchi la kusubiria, likamfikia mume au mawifi kabla ya kipimo cha pili. Mama ana haki ya kuuliza: "Nesi, nimepimwa kwa vipimo vingapi?"

Ila majibu yakishathibitishwa, dawa zianze mara moja, maana ndizo zinazomkinga mtoto. Na mtoto naye asihukumiwe kwa kipimo cha kidole: kingamwili za mama hubaki kwenye damu yake hadi miezi 18 hivi, hata kama hakuambukizwa. Yeye huchukuliwa damu ya kisigino, akiwa na wiki 4 hadi 6, ikatafutwe kirusi chenyewe maabara.