Yayin: divai katika maisha ya Waebrania

Yayin ndilo neno la kawaida la Kiebrania kwa divai, tangu nyakati za Biblia hadi Israeli ya leo. Ni kinywaji cha zabibu kilichochachuka. Nalisema hili wazi kwa sababu makanisani kwetu wapo wanaofundisha kwamba yayin ilikuwa maji ya zabibu tu. Mara ya kwanza neno hili kutokea, katika Mwanzo 9, Nuhu anainywa na kulewa hadi anakuwa uchi hemani mwake. Hata tirosh, divai mpya inayodhaniwa na wengi kuwa hailevyi, Hosea 4:11 anaitaja pamoja na yayin miongoni mwa vitu viondoavyo fahamu.

Tusiishie kwenye ulevi, maana kwa Waebrania divai ilikuwa kwanza riziki ya shamba, ikitajwa pamoja na nafaka na mafuta kama ishara ya nchi iliyobarikiwa. Huko Gibeoni, kaskazini mwa Yerusalemu, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na James Pritchard kati ya 1956 na 1962 walikuta mashimo 63 yaliyochongwa mwambani, humo mitungi ya divai ikihifadhiwa penye ubaridi. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa ajili ya anasa ya watu wachache.

Divai ilimiminwa pia mbele za Mungu pamoja na sadaka ya kila siku. Lakini kuhani hakuruhusiwa kuinywa anapoingia kuhudumu, na mnadhiri, yaani mtu aliyeweka nadhiri ya kujitenga kwa ajili ya Mungu, alikatazwa hata zabibu kavu. Ndiyo maana Zaburi 104 inaisifu kwa kuufurahisha moyo wa mtu, huku Mithali 20 ikionya kwamba hudhihaki. Sioni mgongano hapo: swali lilikuwa nani anakunywa, wakati gani, na kiasi gani.

Maana hiyo inaonekana vizuri zaidi mezani pa Wayahudi, Ijumaa jioni Sabato inapoingia. Kikombe hujazwa hadi ukingoni, mwenye nyumba hukishika kwa mkono wa kulia na kumhimidi Mungu aumbaye tunda la mzabibu, kisha wote hupata funda. Ibada hiyo huitwa kiddush, yaani kutakasa. Matunda mengine ya miti hushiriki baraka moja, lakini divai ina ya kwake. Asiyekunywa kileo hutumia maji ya zabibu, na baraka ni ileile.

Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi kila mtu hunywa vikombe vinne. Yanapotajwa mapigo kumi ya Misri, wengi huchovya kidole kikombeni na kudondosha tone moja kwa kila pigo. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba kikombe cha furaha hupunguzwa kwa sababu Wamisri nao waliteseka.