"OK" haikutoka vitani

Wapo wanaoamini kwamba "OK" ilianzia vitani: eti siku ambayo hakuna askari aliyeuawa, makamanda waliandika sifuri na herufi K, ya neno la Kiingereza "killed", yaani waliouawa. Simulizi hiyo inavutia, lakini si kweli. Herufi ya kwanza ni O, wala si sifuri.

Chanzo chake kinajulikana vizuri. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post la Marekani lilichapisha "o.k." na kueleza papo hapo kuwa ni "all correct", yaani yote sawa. Enzi hizo waandishi wa Boston walipenda kuharibu tahajia makusudi, kwa utani, kisha kufupisha. "All correct" ikawa "oll korrect". Vifupisho vingi vya aina hiyo vilisahaulika upesi.

Hiki kilibebwa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, aligombea tena, na wafuasi wake wakamnadi kama "Old Kinderhook", Mzee wa Kinderhook. Alishindwa, "OK" ikaenea. Mtafiti Allen Walker Read ndiye aliyepekua magazeti ya zamani na kuyaweka haya wazi katika miaka ya 1960.